Walipima Mtambo Tukiruka

Meneja wa kiwanda chetu cha chai alisimama mbele ya wakulima wote akasema kwamba ni mimi niliyesababisha ndugu yangu akatwe mkono. Alinitaja kwa jina, Lenah, akasema nilifanya hivyo kwa kukaidi maagizo. Alijua ni uongo wakati anausema. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mzani wa majani, na nilimwona akimeza mate kabla ya kulitaja jina langu.

Ndugu yangu ni Weldon. Tulizaliwa juu ya Kimulot, pale mashamba ya chai yanapoishia na msitu unapoanza. Mama alitufia Weldon akiwa hajamaliza kuota meno. Baba alikuwa mtu wa pombe na mtu wa kununa, na siku nyingi alikuwa yote mawili. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwa hivyo shule niliisikia tu, kengele ikilia ng'ambo ya bonde nikiwa katikati ya chai na kikapu mgongoni. Weldon nilimlaza juu ya gunia kwenye kinjia kati ya mistari, na mvua ikija nilimfunika kwa lile karatasi la plastiki tunalojifunga kiunoni, mimi nikalowa. Nilichuma, yeye akasoma. Alipoenda chuo cha ufundi, watu walinipongeza kama vile mtoto ni wangu. Nilimwita weri, kama mama anavyomwita mwanawe wa kiume, na hata alipooa Dorcus na kupata watoto wake bado nilimwita hivyo. Dorcus hakupenda. Alisema mume wake si mtoto wa mtu.

Mimi niliolewa hapo hapo, ng'ambo ya mto, kwa mtu anayependa ng'ombe wake na asiyesema mengi. Nimeishi hivyo. Nina chai kidogo, nina watoto, na nilikuwa na kwaya ya kina mama wa kanisa letu. Mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha wimbo. Sijui kusoma kitabu cha nyimbo, lakini hakuna wimbo ulionipita.

Kiwanda chetu ni cha wakulima wadogo. Mto unashuka kutoka msituni, na wazee walijenga ukuta wa kuzuia maji huko juu, wakayateremsha kwa bomba nene hadi kwenye nyumba ya mawe iliyo chini kabisa ya mteremko. Ndani ya nyumba hiyo kuna mtambo wa umeme. Maji yanasukuma gurudumu lenye mapanga ya chuma, gurudumu linazungusha shafti, na umeme unapanda kiwandani kuendesha feni za kunyausha majani na rola za kuyasaga. Sakafu ya nyumba hiyo ni mabamba ya chuma yaliyofungwa juu ya shimo la maji, na miguu ya mtambo imefungwa kwenye mabamba hayo hayo. Ukitembea pale unausikia mto chini ya nyayo zako.

Weldon alikuwa mwangalizi wa mtambo huo. Kazi aliipenda. Alikuwa akija kwangu kula mchana akinuka grisi na akiongea kwa sauti ya juu kama watu wote wanaofanya kazi karibu na mashine.

Kisha wakurugenzi wakanunua kifaa cha kupima mtetemo wa mapanga, na kampuni iliyokiuza ikamtuma kijana anayeitwa Onyancha aje akifunge. Alikuwa injinia, mtu wa Kisii, mwenye adabu, na viatu vyake havikuwa vya matope yetu. Siku moja kabla ya uzinduzi, meneja, Bwana Isaiah, alituambia sisi wa kwaya tuteremke tukaone mahali tutakapomwimbia mwenyekiti wa wakurugenzi. Tulimkuta Onyancha amepiga magoti, akibandika kitu kidogo kama kiberiti kwenye bega la mtambo. Weldon alikuwa amemshikia tochi.

"Hicho nacho kitafanya nini?" nikamuuliza.

"Mama, kazi ya hiki ni kusikiliza," akasema. "Kila panga lina vile linatetemeka likiwa zima. Likianza kupasuka, mtetemo unabadilika kabla jicho halijaona ufa wowote. Ni kama daktari akikuwekea ile mipira yake kifuani."

"Na kitajuaje uzima ni upi?" Weldon akauliza.

"Lazima tukifundishe. Kesho mtambo ukishashika kasi, watu wote watatoka nje, nami nitakiacha kiusikilize ukiwa peke yake. Vile utakavyotetemeka kesho, ndivyo kitasema ndio afya. Ukizidisha sana, taa itatoka kijani iwe ya manjano, halafu nyekundu, na mtambo utajizima."

"Basi dada, kesho shikeni sauti," Weldon akasema. "Kisije kikadhani mtambo umeokoka."

Tulicheka wote, hata Onyancha. Watu watoke nje: hayo ndiyo maagizo yaliyotolewa, na aliyeyatoa ni Onyancha.

Sasa niseme habari ya wimbo wetu wa mgeni, kwa sababu wameufanya uonekane kama ukichaa. Kwa kwaya yetu, mgeni mkubwa anaimbiwa kutoka mlangoni, na unaimba ukiruka. Kuimba umesimama kama nguzo ni kumwambia mgeni arudi alikotoka. Tena wimbo huo hauachwi mpaka mgeni aketi. Akiketi, wimbo umepokelewa, mnanyamaza. Kila mtu hapa anajua hivyo, na Bwana Isaiah anajua zaidi, maana mama yake mwenyewe aliuimba kabla yangu.

Siku ya uzinduzi Weldon alipelekwa juu kwenye ukuta afungue maji. Sisi tukampokea mwenyekiti barabarani, tukashuka naye tukiimba, na meneja akatuingiza ndani ya nyumba ya mtambo pamoja na wageni. Mtambo ulikuwa umeanza kuzunguka. Mwenyekiti akasimama mbele ya ile taa. Hakukuwa na kiti. Nyumba ile ni ya mashine, nani angeweka kiti humo? Kwa hivyo hakuketi, na sisi hatukuwa na pa kuuachia wimbo. Tuliruka juu ya mabamba yale, wanawake wazima wa shamba, na sakafu ikaitikia.

Nilimwona Onyancha akimsogelea meneja. Walikuwa karibu nami, na mashine ikinguruma watu huongea kwa kupaza sauti.

"Bwana meneja, naomba watu watoke. Siwezi kuchukua kipimo hivi."

"Mwenyekiti amekuja kuona taa ikiwaka. Nimtoe nje aangalie mlango?"

"Basi hata wasiruke."

"Injinia, hawa ni wamama wa kanisa, si ng'ombe. Wataharibu nini? Chukua kipimo."

Nilipomsikia kijana nikapunguza wimbo. Nilishusha sauti, na wenzangu wakaanza kukanyaga polepole. Bwana Isaiah akageuka akanitazama, akainua kiganja mara kadhaa, vile mtu anavyowainua watu kutoka vitini.

"Mama Lenah, mbona mnazima? Mnataka mgeni afikiri amekosea nyumba?"

Nikaupandisha wimbo tena. Alikuwa meneja, na mgeni alikuwa wake. Onyancha akabonyeza alichobonyeza. Taa ikawaka kijani, wageni wakapiga makofi, mwenyekiti akapigwa picha ameweka mkono juu ya mtambo. Wakati wa kutoka nilimsikia Onyancha akisema kipimo kile kirudiwe. Bwana Isaiah akasema kitarudiwa majani yakipungua kiwandani, kwa sasa hawezi kuzimazima umeme. Kijana akaondoka. Hakuitwa tena.

Mvua kubwa zikaja, majani yakajaa, na mtambo ukafanya kazi bila kupumzika. Siku moja Weldon alikuja kula, akaweka kikombe mezani, akabaki akikitazama.

"Una nini, weri?"

"Mtambo unanitetemesha mpaka meno," akasema. "Nimekaa pale tangu niajiriwe, naujua. Hii si kawaida."

"Umesema kwa wakubwa?"

"Nimesema. Meneja aliniuliza taa ni ya rangi gani. Nikamwambia ni kijani. Akasema, basi nenda hospitali ukapimwe wewe malaria."

Alimwiga meneja vizuri, na kidevu chake kimeinuliwa, mpaka nikacheka. Halafu nikamuuliza kama yule kijana wa Kisii amerudi, akasema hapana. Tukala. Sikujua la kufanya zaidi ya kumwongezea mboga.

Kulikuwa na ufa kwenye panga moja. Hilo walilisema baadaye. Ufa ulikuwa unakua, mtetemo unakua nao, na kifaa kinasikiliza na kusema ni afya, kwa sababu kilifundishwa afya siku ambayo kundi la wanawake lilikuwa likiruka juu ya miguu ya mtambo. Kwake, kutetemeka kule kulikuwa bado hakujaufikia hata wimbo wetu.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa kwenye kituo cha kupimia majani nikingoja lori, na tukasikia mlio kutoka bondeni, kama lori limemwaga vyuma kwenye mwamba. Kisha feni za kiwanda zikanyamaza zote pamoja. Watu hapa wamezoea zile feni hata hawazisikii. Siku hiyo tulizisikia zilipokoma. Panga lilikuwa limekatika, gurudumu likayumba, na kifuniko cha shafti kikang'oka kikamkuta Weldon amesimama pale alipoajiriwa kusimama. Hospitali walimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko. Nilikaa naye. Alipoamka aliuliza kama mtambo umezimwa.

Kiwanda kikafungwa. Majani yakaoza vituoni, yakamwagwa mitaroni, na hasira ya wakulima ikapanda. Hasira kama hiyo inatafuta kichwa cha kukalia, na Bwana Isaiah alijua kinachotafutwa ni chake. Kwa hivyo akaitisha mkutano uwanjani, akaweka kipaza sauti, akawatafutia kingine.

Alisema wataalamu wamechunguza. Alisema kifaa kilikuwa kizuri na injinia alikuwa mzuri, ila kipimo kiliharibiwa na wanawake wa kwaya walioingia na kuruka ndani ya nyumba ya mtambo kinyume cha maagizo, wakiongozwa na Mama Lenah. Onyancha alikuwa ameketi mbele pamoja na wakubwa, akitazama viatu vyake. Wanawake wangu wa kwaya walikuwa wametawanyika kwa waume zao. Niliinua mkono. Niliuinua muda mrefu.

"Haya, mama, sema kwa kifupi," meneja akasema.

"Ni wewe uliyetuingiza. Na injinia alikuambia tutoke, ukakataa."

"Mama, wewe umesomea mtambo?"

"Sikusoma hata darasa la kwanza. Lakini masikio ninayo."

"Masikio yako yalikuwa yamejaa wimbo," akasema, na watu wakacheka. Nilimgeukia Onyancha nikamwambia, "Kijana, sema." Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mwanzishie wimbo atasema," wakacheka tena, hata watu niliowazikia wazazi wao. Mume wangu akanishika kiwiko. Alisema twende, ng'ombe hawajanyweshwa. Hilo ndilo neno pekee alilosema siku hiyo.

Tangu hapo jina langu ni Mama Mtetemo. Nikienda sokoni Silibwet, Beldina anayeuza viazi anashika meza yake kwa mikono miwili. "Pita polepole, mama, viazi vyangu bado vichanga," anasema. Na wateja wanacheka. Nikicheka, wanasema sina aibu, na nikinyamaza wanasema dhambi inanila. Kanisani mzee wa kanisa aliniambia nipumzike kuongoza kwaya hadi mambo yatulie. Mambo yametulia. Anayeongoza sasa ni Chepchirchir, aliyekuwa nyuma yangu hatua chache tu siku ile ya uzinduzi na aliyesikia kila neno.

Dorcus ndiye aliyeniumiza kwa maneno. Nilimpelekea maziwa lala kwenye kibuyu, kama ninavyofanya mtu wa nyumba yangu akiugua. Alinikuta mlangoni, hakunipisha.

"Rudi na hicho kibuyu."

"Ni cha Weldon."

"Weldon hawezi kukishika na kukifungua kwa wakati mmoja. Hukufikiria hilo? Ulimlea vizuri, wifi, halafu ukamrukia mpaka mkono ukatoka. Sasa tuachie kilichobaki."

Watoto wa Weldon walikuwa nyuma yake. Mmoja alianza kuja kwangu kama kawaida, Dorcus akamrudisha kwa goti. Niliondoka. Nilimwaga maziwa yale kwenye shamba la chai la watu, sikutaka kufika nayo nyumbani.

Onyancha alikuja mara moja. Walikuwa wamemleta akifunge kile kifaa upya, akapita kwangu akaketi jikoni, akashikilia kikombe bila kunywa.

"Mama, nimekuja kusema pole. Ulifanya ulichoambiwa. Mimi nilipaswa kukataa kuchukua kile kipimo."

"Umesema vizuri. Sasa kesho kayaseme hayo uwanjani."

"Kampuni imeniambia nisiongee. Nina mama yangu pale kwetu, nina wadogo zangu. Nikifukuzwa..."

"Kunywa chai yako."

Alikunywa, akaaga kwa heshima zote. Siku iliyofuata walikifundisha kile kifaa upya. Nilikuwa nikichuma chai upande wa pili wa bonde na niliwaona. Watu wote walitolewa nje na mlango ukafungwa. Na Bwana Isaiah mwenyewe alisimama nje ya mlango, kidole mdomoni, akiwanyamazisha vibarua waliokuwa wakiongea kwenye nyasi.

Nikaona kwamba aliyebaki ni ndugu yangu. Watu wakinicheka sokoni, Dorcus akinifungia mlango, nitaishi. Lakini Weldon hakuwa ndani ya nyumba ile siku ya uzinduzi, na sikuweza kukaa bila kujua kama anaamini kwamba dada yake alikaidi kwa kiburi cha wimbo. Kiwanda kilikuwa kimemrudisha kazini, si kwenye mtambo bali juu kwenye ukuta, avute takataka zinazoziba chujio la maji. Nilipanda huko. Alikuwa na reki ameibana kwapani, akivuta majani kwa mkono wa kushoto.

"Weri."

"Dada." Hakuacha kuvuta.

"Ulimsikia yule kijana akisema watu watatoka nje. Unadhani mimi nilikataa kutoka?"

Akavuta reki tena, akakung'uta.

"Chepchirchir aliniambia," akasema. "Jioni ile ile ya uzinduzi. Vile meneja aliwainulia mkono, vile Onyancha alimwomba. Yote."

Nilisimama. Maji yalikuwa yanapita kwenye chujio kwa kelele, nikadhani sikusikia vizuri, nikamwambia arudie. Akarudia.

"Kwa hivyo siku ile ya mkutano ulikuwa unajua."

"Nilikuwa hospitali siku ya mkutano."

"Na uliporudi?"

"Dada, sema polepole. Meneja hupita hapa."

"Dorcus anajua?"

"Nikimwambia Dorcus atapiga kelele, na kelele itafika ofisini. Nani mwingine ataniandika kazi nikiwa hivi? Kazi hii meneja aliniita mwenyewe, akaniambia, wewe tulia, na familia yako itulie, utakula hapa mpaka uzeeke." Sasa akaacha kuvuta, akanitazama. "Wewe una chai yako, una mume. Haya maneno ya watu unaweza kubeba. Umebeba mengi."

"Nilikubeba wewe," nikamwambia. "Haya sikusema nitayabeba."

Reki ilimponyoka kwapani ikaanza kuteleza kwenye ukuta, na kabla sijafikiria nilikuwa nimeinama nimeidaka nikamrudishia. Aliipokea. Nilishuka kwa njia ya mashamba, si ya barabara.

Hivi ndivyo mambo yalivyo leo. Mtambo unafanya kazi, kifaa kinasema kweli, feni za kiwanda zinanguruma. Onyancha ninamdai maneno yale yale aliyoyasema jikoni kwangu, ayaseme mahali ambapo watu wanamsikia. Chepchirchir, ambaye alijua namna ya kumweleza ndugu yangu lakini hakujua namna ya kuinua mkono uwanjani, naye ninamdai hayo hayo. Weldon sitamdai mbele ya watu, kwa sababu siwezi kumwondolea chakula nilichomtafutia tangu akiwa juu ya gunia. Lakini ninamdai amwambie mke wake, ndani ya nyumba yao, mlango ukiwa umefungwa, ili watoto wake waweze kunivukia mto. Hilo halina gharama ya kazi. Hajalifanya.

Na Bwana Isaiah ninamdai jina langu. Alilichukua kwa kipaza sauti mbele ya wakulima wote, na ni kwa kipaza sauti mbele ya wakulima wote atalirudisha. Aseme: ni mimi niliyewaingiza, ni mimi niliyeambiwa watolewe wangali wanaimba, ni mimi niliyeinua mkono. Mkutano mwingine wa wakulima umekwisha kutangazwa vituoni. Nimeuliza yatakayozungumzwa. Ni mbolea, barabara na uchaguzi wa wakurugenzi.